Damu ya Kikwit na Wanafunzi wa Nyankunde

Mwaka 1976, huko Yambuku, Kongo, daktari kijana Jean-Jacques Muyembe alimtoa mgonjwa damu bila glavu, Ebola ikiwa haijatambuliwa bado. Alipochomoa sindano, damu haikukoma, ikamchuruzikia vidoleni. Alinawa kwa sabuni, basi. Miaka 3 kabla yake alikuwa amehitimu uzamivu wa virolojia Leuven, Ubelgiji, akaamua kurudi nyumbani. Mengi tunayoyajua leo kuhusu kinga ya Ebola yametokana na uamuzi huo.

Mwaka 1995, Ebola ilipozuka mjini Kikwit, Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya waliopona, 7 wakapona. Wataalamu wa nje walisita, kwa kuwa hapakuwa na kundi la kulinganishia. Hoja yao ilikuwa ya haki. Hata hivyo, damu ya mmoja wa waliopona Kikwit ndiyo iliyowapa watafiti wa Marekani kingamwili ya mAb114.

Nyankunde, mkoani Ituri, kusini magharibi mwa Bunia, ilikuwa na elimu ya namna nyingine. Baada ya maasi ya Simba ya miaka ya 1960, madaktari wamisionari Dkt. Carl Becker na Dkt. Helen Roseveare walifanya kazi hapo, na wauguzi waliofunzwa Nyankunde wakaenea kote kaskazini mashariki mwa Kongo. Tarehe 5 Septemba 2002 wanamgambo waliivamia, wakaua watu hata vitandani mwa hospitali. Shule ya uuguzi ikahama. Hospitali ilijengwa upya.

Mwaka 2018 Ebola ikafika Kivu Kaskazini na Ituri. Chanjo ya Ebola iitwayo rVSV, inayotaka baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi, ilipelekwa hata vijiji visivyo na umeme. Waliochanjwa walipita 300,000. Wagonjwa 681 wakaingia katika jaribio la tiba nne. Kati ya waliopewa mAb114 walikufa kama theluthi moja; kati ya waliopewa ZMapp, mojawapo ya tiba hizo, karibu nusu. Jina la kwanza kwenye ripoti ya jaribio hilo ni la Mkongomani, Sabue Mulangu.

Wauguzi wa Ituri walibeba sehemu nzito ya kazi hiyo: kuchanja, kufuatilia waliokutana na wagonjwa, kuvumilia mawe ya waliowashuku. Wanastahili zaidi ya vyeti vya kushiriki. Serikali na vyuo vikuu vya Bunia, fungueni uzamili wa chanjo na kingamwili hapa hapa, penye wauguzi wanaoujua ugonjwa huu kwa mikono yao.