Mizani Haikushushwa Raskazone

Simulizi za Vita vya Tanga huanzia Raskazone, ufukweni mwa Tanga. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914, askari wa kwanza wa jeshi la Waingereza lililotoka India chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken waliteremka hapo. Jeshi zima lilikuwa na watu kama 8,000; upande wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na kiasi cha 1,000. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wakiwa na hasara ya watu zaidi ya 800, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Nyuki waliowashambulia askari vitani tuwaache, maana hakuna mwandishi aliyewahi kuwasahau.

Sehemu kubwa ya vionjo vya simulizi hizo imetoka kwa mtu mmoja, Kapteni Richard Meinertzhagen, ofisa wa ujasusi. Shajara yake ya kijeshi ilichapishwa mwaka 1960, miaka 46 baada ya vita. Kuchelewa peke yake si kosa. Lakini shajara yenyewe ilikuwa kurasa zilizopigwa taipu, ndani ya majalada ambayo ukurasa huchomolewa na mwingine ukapachikwa mahali pake. Wanahistoria waliinukuu kana kwamba wino wake ulikaukia ufukweni.

Walioanza kumfichua walikuwa wataalamu wa ndege, maana alikuwa pia mkusanyaji wa ndege. Katika miaka ya 1990 iligundulika kwamba ndege wakavu aliowapa makumbusho ya London baadhi walikuwa wameibwa kutoka mikusanyo ya watu wengine na kubandikwa vibandiko vya uongo. Hapo ndipo shajara nayo ikatiliwa shaka. J. N. Lockman mwaka 1995, kisha Brian Garfield mwaka 2007, walionyesha kwamba mengi humo yaliandikwa baadaye au yalitungwa.

Kanuni ya kazi ya mwanahistoria hufundishwa mwaka wa kwanza wa chuo: shahidi aulizwe alikuwa wapi, aliandika lini, ananufaikaje. Kapteni hakuulizwa. Alikuwa ofisa, Mwingereza, na kalamu yake ilikuwa tamu.

Mlinganishe na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, aliyeandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili. Wamisionari wa UMCA waliichapa Magila kwa sehemu, kati ya 1895 na 1907. Abdallah aliishi na Wakilindi, watawala wa Usambara, na kuwatumikia, kwa hiyo Steven Feierman, alipoandika historia ya ufalme wa Washambaa iliyotoka mwaka 1974, aliipima kwa masimulizi ya wazee wa Usambara. Ndivyo ilivyopasa, na sina neno na Feierman. Neno langu ni kwamba mizani ile ilipandishwa Vuga, makao ya watawala hao, haikushushwa Raskazone.

Na mashahidi walikuwepo. Piga hesabu: kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ya vita alikuwa na miaka 66 tu shajara ilipotoka. Huenda alikuwa anakunywa kahawa Chumbageni au Ngamiani, aliyewahi kuwa askari, mpagazi, mvuvi au mtu aliyekimbia mji na watoto mgongoni. Kwamba wazee kama hao wanaweza kuhojiwa kitaaluma si ndoto. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya habari za Maji Maji, vita vya zamani kuliko vya Tanga, kutoka vinywani mwa wazee. Wapagazi wa vita vya 1914 walikufa kwa makumi ya maelfu, na kumbukumbu yao inayotamkwa kila siku ni jina la soko, Kariakoo, yaani Carrier Corps ilivyosikika masikioni mwetu.

Mimi nasema hili ni kosa la haki kabla ya kuwa kosa la ushahidi. Neno la mmoja lilipokewa kwa cheo chake, la wengine halikuombwa.

Vitabu vinavyomfuata kapteni bado viko rafuni. Ukikishika kimojawapo, anza na tanbihi za sura ya Tanga, uhesabu jina lake limetajwa mara ngapi.