Kununua Kipando au Kukodi: Kutoka Ngamia wa Hijra hadi Gari la Mkataba

Ndugu mmoja wa Lufingo, wilayani Rungwe, alinijia baada ya sala ya Isha nilipokuwa Tukuyu kwa harusi ya jamaa yangu. Ni mfanyabiashara wa ndizi na maparachichi. Kwa miaka mingi amekuwa akikodi gari la watu kila apatapo mzigo wa kupeleka Mbeya, na sasa amechoka. "Shekhe," akaniambia, "nimeonyeshwa njia mbili za kupata gari, nami nataka kujua ipi ni halali na ipi itanitia hasarani."

Njia ya kwanza ni kuagiza gari la mtumba kutoka Japani kwa kuliona katika picha tu. Njia ya pili ni kuchukua pikapu ya tajiri mmoja kwa utaratibu ambao vijana wa bodaboda na bajaji huuita "mkataba": apeleke hesabu kila wiki kwa miezi 18, matengenezo yote yawe juu yake, na mwisho wake kadi ya gari iandikwe jina lake. Akikosa hesabu wiki mbili mfululizo, gari linarudi kwa tajiri na yote aliyokwisha kulipa yamepotea. Mdogo wake yalimfika hayohayo kwa bajaji, mwezi wa kumi na nne. Yeye mwenyewe alikuwa tayari kuuza ng'ombe wawili ili aanze.

Sikumjibu usiku ule. Nilimwahidi kumwandikia, na haya ndiyo niliyomwandikia, nikiyapanua kidogo kwa faida ya wasomaji wengine.

Mas-ala ya kununua au kukodi kipando yamo ndani ya tukio ambalo Waislamu wanalihesabia miaka yao. Imamu Bukhari amepokea kwamba Abubakar (r.a.) alikuwa amewalisha na kuwatunza ngamia wawili kwa ajili ya safari ya Hijra. Ulipofika wakati alimpa Mtume (s.a.w.) mmoja wao, naye Mtume (s.a.w.) akakataa kumpokea ila kwa kumlipia thamani yake. Safari hiyohiyo walimkodi mtu wa kabila la Banu Dil, ambaye bado hakuwa amesilimu, awe kiongozi wa njia, wakamkabidhi wale ngamia na kuagana naye wakutane katika pango la Thaur baada ya siku tatu. Tazama basi: kipando kilinunuliwa, ujuzi wa njia ukakodiwa. Bukhari ameiweka habari ya kiongozi huyo katika mlango wa ijara, nayo ni miongoni mwa hoja za wanazuoni juu ya kuajiri kwa ajili ya kazi itakayofanyika baada ya siku kadhaa.

Kisa kingine ni cha ngamia wa Jabir bin Abdillah (r.a.). Walikuwa wakirejea kutoka katika vita, na ngamia wa Jabir amechoka. Mtume (s.a.w.) akamnunua kwake, naye Jabir akaweka sharti ya kuendelea kumpanda mpaka Madina. Walipofika alipewa thamani yake, kisha akarudishiwa na ngamia. Hapa mauzo na matumizi vimekutana juu ya mnyama mmoja, na mafaqihi wakahitilafiana. Imamu Ahmad aliijuzisha sharti kama hiyo. Imamu Malik aliikubali ikiwa masafa ni mafupi. Mashafii hawakuipitisha, wakasema kuwa lile la Jabir halikuwa sharti ndani ya mkataba wenyewe. Khitilafu hii nimeitaja kwa sababu tutaikuta tena mbele, imevaa nguo nyingine.

Karne ya pili ya Hijria suala lilikuwa tayari ni la kimahakama. Malik (aliyefariki mwaka 179 Hijria, sawa na 795 Miladia) ana mlango mzima katika Muwatta juu ya mtu aliyekodi mnyama mpaka mahali fulani kisha akapitiliza. Kwake yeye, mwenye mnyama ana hiari: ama achukue kodi ya ile ziada pamoja na mnyama wake, ama achukue thamani ya mnyama tangu pale mkodi alipovuka mpaka, pamoja na kodi ya kwanza. Dereva yeyote aliyewahi kukodiwa kwenda Uyole akajikuta anaombwa kufika Tunduma ataelewa mara moja kwa nini Malik alijishughulisha na jambo hilo.

Ila sisi wa Afrika Mashariki wengi wetu fiqhi yetu imepita kwa Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277), ambaye Minhaj yake ndiyo iliyosomwa na kufundishwa Lamu, Unguja na pwani yote. Katika mlango wa ijara Nawawi anagawa mambo mawili ambayo ndugu yetu wa Lufingo anayahitaji kuliko kitu chochote. Kuna ijara ya kitu maalumu, yaani mnyama huyu hapa ninayemwona. Na kuna ijara ya dhima, yaani mnyama wa sifa kadha, yeyote yule, ambaye mwenye mali amejifunga kumleta. Mnyama maalumu akifa njiani, ijara inavunjika kwa muda uliobaki, na mkodi hadaiwi ila kwa ule aliokwisha kuutumia. Akiwa ni wa dhima, mwenye mali analazimika kuleta badala yake. Lakini ijara ya dhima ina sharti nzito: kodi yake hukabidhiwa palepale penye kikao, kama ilivyo katika bei ya salam.

Kadhalika mkono wa mkodi ni mkono wa amana. Kikiharibika kitu bila ya uzembe wake wala kuvuka mpaka, halipi. Nyumba ikibomoka, ukarabati ni wa mwenye nyumba, na asipoukarabati mkodi ana hiari ya kuvunja. Ukizitazama hukumu hizi pamoja utaona zote zinazunguka jambo moja: anayepokea kodi anaipokea kwa sababu hasara ya kitu chenyewe iko shingoni mwake. Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, inayofunga mapato na dhamana, ndiyo mzizi wa yote hayo.

Katika bara letu hatari hii haikuwa ya vitabuni tu. Mwaka 1866 David Livingstone alianzia safari yake upande wa Mikindani akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, akitaka kuona kama wanyama wangeweza kustahimili nchi yenye mbung'o. Walikufa. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa imelitambua hilo zamani, ndiyo maana mizigo ilikwenda kwa mabega ya wapagazi wa kukodiwa, kwa ujira na posho. Mwenye kununua mnyama wa kupeleka bara alikuwa amenunua msiba, isipokuwa katika njia chache zilizosalimika.

Sasa tuje kwenye funzo la Unguja, ambalo nadhani halitajwi vya kutosha. Karne ya 19, mikarafuu ilipoenea, wenye mashamba walihitaji fedha na wenye fedha walitaka faida. Riba ni haramu na kila mtu alijua. Basi ukatumika sana mkataba uitwao bei ya khiyari, uliojulikana pia Omani. Mwenye shamba "anamuuzia" mkopeshaji shamba lake kwa sharti kwamba akirudisha fedha ndani ya muda fulani atalipata tena. Hapohapo anakuwa mpangaji wa shamba lilelile, analipa kodi. Katika karatasi kuna bei halali na ijara halali. Ukizikunja pamoja unapata mkopo, na "kodi" ndiyo riba yake. Muda ukipita, shamba limekwenda. Madeni ya wenye mashamba yaliendelea kulimbikizana hata mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuzuia ardhi kutoka mikononi mwa Waarabu na Waafrika. Sisemi kwamba sababu ilikuwa hati hizo peke yake, kwani bei ya karafuu nayo ilikuwa na lake. Ila mlango ambao mali ilitokea ulikuwa umefunguliwa na maneno mawili mazuri, bei na ijara, yaliyotumika kufunika kitu cha tatu.

Wazungu nao walikuwa na mchezo wao wa maneno. Mwaka 1895 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya Helby na Matthews iliyohusu piano. Mtu alikuwa amechukua piano kwa malipo ya kila mwezi, akimaliza yote iwe yake, naye akaiweka rehani kabla ya kumaliza. Mahakama ikasema kuwa yeye alikuwa mkodi tu, kwa hiyo mwenye piano anayo haki ya kuirudisha. Kutoka hapo biashara ya kukodi kunakoishia katika kumiliki ikapata nguvu, ikaenea kwenye cherehani, samani na magari, na kwetu Tanzania ukodishaji wa mali wa kifedha ukatungiwa sheria yake mwaka 2008.

Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya nchi za Kiislamu ililijadili jambo hili Kuwait mwaka 1988, ikaona ni bora kutafuta badala yake, kama vile kuuza kwa awamu kwa dhamana za kutosha. Ikalirudia Riyadh Septemba 2000 kwa upambanuzi zaidi. Kilichokatazwa ni mikataba miwili tofauti kuingia kwa wakati mmoja juu ya kitu kimoja, na mfano wake ni ijara inayogeuka yenyewe kuwa umiliki kwa zile kodi zilizolipwa, bila ya mkataba mpya. Kilichoruhusiwa ni ijara ya kweli, kisha bei au zawadi kwa mkataba wa peke yake baada ya muda kwisha. Na ijara ya kweli ina alama zake: hasara ya kitu iwe kwa mwenye kukodisha, bima iwe juu yake, na matengenezo yasiyo ya uendeshaji wa kila siku yawe juu yake pia.

Tuipime sasa pikapu ya Lufingo. Ikiwa ni ijara, kwa nini injini ikifa fundi alipwe na mkodi? Ikiwa ni bei kwa awamu, kwa nini aliyelipa miezi 14 anyang'anywe gari na fedha pamoja? Tajiri amechukua kodi kama mwenye mali, na amekwepa hasara kama aliyekwisha kuuza. Kwa rai yangu huo ni ule ule mkunjo wa Unguja, ila umekunjwa upande wa pili. Kule muuzaji alifanywa mpangaji wa shamba lake. Huku mpangaji anabebeshwa mizigo ya mnunuzi kwa gari lisilo lake.

Gari la Japani nalo lina mas-ala yake. Kauli yenye nguvu kwa Nawawi ni kwamba kitu maalumu ambacho hakikuonekana hakisihi kuuzwa. Kauli ya pili inaisihisha na kumpa mnunuzi hiari anapokiona, na Mahanafi wako karibu na hapo. Tatizo la mtu wa Rungwe ni kwamba hiari hiyo ataitumiaje? Gari limeshavuka bahari, ushuru umelipwa bandarini Dar es Salaam, na aliyeliuza hamjui. Aliyeshika rai ya pili hana makosa kwangu, lakini ajue ameshika haki ambayo hana pa kuidai. Afadhali gari lililokwisha kuingia nchini, alione, aende na fundi wake, alipandishe mlima wa kuelekea Uyole likiwa na mzigo, kisha ndipo azungumze bei. Ama jina la gari, hilo ni la mafundi. Mimi nimesema tu kwamba nchi ya mvua na utelezi kama Rungwe inataka gari ambalo vipuri vyake vinapatikana Tukuyu au Mbeya mjini.

Kuna njia ya murabaha pia: benki inunue gari kwanza, ilimiliki, kisha imuuzie kwa awamu kwa faida iliyotajwa. Amana Bank ilianza kazi nchini mwaka 2011 kwa misingi hiyo. Nilimtajia. Aliniuliza kama watakubali ng'ombe kuwa dhamana, nikacheka.

Baada ya wiki tatu alinipigia simu. Alikuwa amemrudia yule tajiri akamtaka aandike karatasi mbili, ya kwanza ya ijara peke yake na matengenezo makubwa yawe ya mwenye gari. Tajiri alikataa, akampa mtu mwingine pikapu. Ng'ombe hawajauzwa. Amekubaliana na mwenye magari mwingine kwa kila safari: gari la tani moja, lolote lile, likiharibika njiani lije jingine, na kodi yote mkononi kabla ya mkungu wa kwanza kupakiwa. Hapo ndipo alipolalamika, kwa sababu zamani alikuwa akilipa baada ya kuuza. Nikamwambia hiyo ndiyo sharti ya Nawawi, si yangu. Akasema, "Basi huyo Nawawi alikuwa na magari."