Utafiti wa maoni ya wapiga kura wa majimbo (Marekani)

Utafiti wa maoni ya wapiga kura wa majimbo ni uchunguzi unaofanywa ndani ya jimbo moja la Marekani kabla ya uchaguzi wa rais, ili kukadiria kila mgombea anaungwa mkono kwa kiasi gani. Usichanganywe na kura ya maoni ya kuamua jambo la kikatiba, wala na kura za maoni za kuteua wagombea ndani ya vyama nchini Tanzania.

Uzito wake unatokana na mfumo wa kumchagua rais: rais hupatikana kwa kura 270 kati ya 538 za wajumbe wa uchaguzi kutoka majimboni, na majimbo yote isipokuwa Maine na Nebraska humpa mshindi wa jimbo kura zake zote.

Historia

Mwaka 1824 gazeti moja la Harrisburg, Pennsylvania, lilichapisha hesabu iliyokusanywa Wilmington, Delaware: Andrew Jackson 335, John Quincy Adams 169. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilipokea karatasi zaidi ya milioni 2 na kumtabiria ushindi Alf Landon, aliyeambulia Maine na Vermont tu. Mtafiti wa maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo zaidi, alimtabiria ushindi mpinzani wa Landon, Franklin D. Roosevelt. Iowa Poll ya gazeti la Des Moines Register ilianza 1943. Field Poll ya California ilidumu kuanzia 1947 hadi 2016.

Mbinu

Wahojiwa 800 hivi hupigiwa simu au kuulizwa kwa intaneti. Kiwango cha makosa huwa takriban asilimia 3.5.

Makosa ya 2016 na baadaye

Mwaka 2016 tafiti za kitaifa hazikukosea sana: Hillary Clinton aliongoza kwa takriban asilimia 2 ya kura zote. Aibu ilikuwa majimboni. Utafiti wa mwisho wa Chuo Kikuu cha Marquette huko Wisconsin ulimpa Clinton asilimia 46 na Donald Trump 40. Trump akashinda kwa pengo lisilofika asilimia 1. Clinton hakuwa amefanya kampeni jimboni humo tangu ateuliwe na chama chake. Wisconsin, Michigan na Pennsylvania ziliamua matokeo kwa jumla ya kura zipatazo 78,000. Chama cha watafiti wa maoni, AAPOR, kilieleza mwaka 2017 kwamba wapiga kura wengi waliamua dakika za mwisho, na kwamba tafiti nyingi za majimbo hazikusawazisha majibu kwa kiwango cha elimu, hivyo wasomi wakasikika kupita idadi yao.

Dosari hiyo ikarekebishwa, lakini makosa hayakwisha. Mwaka 2020 utafiti mmoja mashuhuri ulimpa Joe Biden uongozi wa asilimia 17 Wisconsin. Alishinda kwa chini ya 1.

Hali ya sasa

Mwaka 2024 Iowa Poll ilimweka Kamala Harris mbele kwa 47 dhidi ya 44. Trump alishinda Iowa kwa takriban asilimia 13. Tafiti za majimbo bado zinafanyika.