Diefenbaker, Mwalimu na wiki ya Lancaster House

Jumapili ya tarehe 12 Machi 1961, gazeti la The Observer la London lilichapa makala ya mtu ambaye hakuwa na kiti katika mkutano mkubwa uliokuwa ukiendelea jijini humo. Julius Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi wa Tanganyika, nchi iliyokuwa bado chini ya Uingereza, na wakuu wa Jumuiya ya Madola walikuwa wakikutana tangu tarehe 8 bila yeye. Ujumbe wake haukuwa na mafumbo. Wakiamua kubaki na Afrika Kusini ya makaburu, wajue kuwa Tanganyika ikishapata uhuru haitajiunga nao. Wachague.

Huko Kanada, habari za wiki ile husimuliwa kwa jina jingine kabisa: John Diefenbaker, waziri mkuu wao kuanzia 1957 hadi 1963. Kwa masimulizi hayo, yeye ndiye aliyewatoa makaburu katika Jumuiya ya Madola. Kwetu sisi, wengi hawajapata hata kulisikia jina lake. Naona pande zote mbili zimempunja mtu haki yake, ila si mtu yule yule.

Chanzo cha mzozo kilionekana kama jambo la makaratasi tu. Tarehe 5 Oktoba 1960 Wazungu wa Afrika Kusini walipiga kura, wao peke yao, na asilimia 52 wakataka nchi iwe jamhuri. Kwa desturi ya Jumuiya wakati huo, mwanachama aliyegeuka jamhuri aliomba ridhaa ya wenzake ili abaki. India ilifanya hivyo mwaka 1949, wengine wakafuata, na hakuna aliyekataliwa. Lakini Machi 1960 polisi walikuwa wamewaua watu 69 kule Sharpeville, na ombi hili sasa lilinuka damu. Hendrik Verwoerd, waziri mkuu wa Afrika Kusini aliyepona risasi za mkulima wa Kizungu mwaka uliotangulia, alikuja London mwenyewe kuliwasilisha.

Kikao kilikuwa Lancaster House, jumba ambalo Waafrika Mashariki hatuhitaji kuelekezwa. Mwaka mmoja nyuma Wakenya walikuwa wamebishana humo juu ya katiba, na baadaye Wazanzibari na Waganda nao wangepanda ngazi zile zile kudai uhuru wao. Nje, wanaharakati waliokuwa wakipinga ubaguzi walikesha kimya. Ndani, Harold Macmillan wa Uingereza alikuwa akitafuta maneno ya kumbakiza Verwoerd bila kuwafukuza wengine, na Robert Menzies wa Australia alishikilia kwamba mambo ya ndani ya nchi ni ya wenye nchi. Waliowakabili ni Kwame Nkrumah wa Ghana, Jawaharlal Nehru wa India, Tunku Abdul Rahman wa Malaya, Abubakar Tafawa Balewa wa Nigeria, Ayub Khan wa Pakistan, Sirimavo Bandaranaike wa Ceylon na Makarios wa Saiprasi. Hofu ya Macmillan ilikuwa dhahiri: Wazungu wakikaa upande huu na wengine wote upande ule, Jumuiya ingepasuka kwa rangi ya ngozi, na kiraka cha kuiziba kisingepatikana.

Hapo ndipo Diefenbaker alipokuwa na uzito. Hakuwa mwanamapinduzi, wala hakufika London akiwa amekata shauri. Mwaka 1960, katika mkutano kama huo, alikwenda taratibu mno, na safari hii pia washauri wake, akiwemo Robert Bryce, ilibidi wamsukume. Tena alikuwa mpenzi wa Malkia na wa Uingereza kupita kiasi. Miaka michache baadaye, Kanada ilipotaka bendera mpya yenye jani, alipigana kufa na kupona kuutetea ule mchoro wa Kiingereza. Kumwacha Macmillan mezani hakukuwa jambo jepesi kwa mtu wa aina hiyo.

Lakini alikuwa na sababu zake. Jina lake la Kijerumani lilimletea dharau tangu ujana, na kabla ya siasa alikuwa wakili katika miji midogo ya Saskatchewan, akiwatetea watu ambao wakubwa hawakuwa na habari nao. Mwaka 1960 serikali yake iliwapa wenyeji asilia wa Kanada haki ya kupiga kura bila kuwalazimisha kuacha hadhi yao ya kisheria. Agosti mwaka huo huo alipitisha Sheria ya Haki za Binadamu, aliyoiota kwa miaka mingi. Angerudi vipi Ottawa miezi saba baadaye, akiwa ametia saini tamko la kumbakiza Verwoerd kana kwamba hakuna lililotokea?

Basi akasimama na akina Nehru na Nkrumah. Alitaka tamko la mkutano litaje wazi kwamba usawa wa watu wa rangi zote ni msingi wa Jumuiya. Verwoerd hakunyamaza, aliwakumbusha wenzake kuwa wapo mezani pale wenye ubaguzi wao nyumbani. Jumatano tarehe 15, alipoona kwamba hata akibaki hatapumzishwa, aliliondoa ombi lake. Tarehe 31 Mei Afrika Kusini ikawa jamhuri, nje ya Jumuiya.

Kwa hiyo hakuna aliyefukuzwa, na kura haikupigwa. Walioanza kuliibua suala la ubaguzi na kulishikilia ni Waasia na Waafrika. Tunku alikuwa ameliwasha tangu 1960, na makala ya Mwalimu Nyerere iliwaonyesha wote kwamba nchi zilizokuwa njiani kuelekea uhuru zilikuwa zikitazama. Diefenbaker alichelewa kufika kwenye vita vya wenzake. Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bila yeye Macmillan angeweza kusema kwamba ni ugomvi wa weusi na weupe, na ugomvi wa namna hiyo London ilijua jinsi ya kuuahirisha.

Na lile pigo la Verwoerd kuhusu ubaguzi wa nyumbani halikuwa la bure. Kanada ya 1961 ilikuwa bado ikichagua wahamiaji kwa asili yao. Januari 1962 Ellen Fairclough, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya shirikisho, alitangaza kanuni mpya zilizotanguliza elimu na ujuzi badala ya rangi, ingawa upendeleo kwa jamaa wa Wazungu haukwisha mara moja. Maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walipokewa na Kanada iliyokwisha kubadilika hivyo.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na kujiunga na Jumuiya siku hiyo hiyo. Diefenbaker alishindwa uchaguzi wa 1963, akabaki bungeni hadi kifo chake Agosti 1979.

Chama chake kilikuja kutoa mtu mwingine wa kulimaliza alilolianza. Brian Mulroney, aliyempigia debe Diefenbaker mwaka 1956 angali mwanafunzi na baadaye akamgeuka, alifika London Agosti 1986 akiwa waziri mkuu. Viongozi saba wa Jumuiya walikutana Marlborough House, si mbali na Lancaster House, kujadili vikwazo dhidi ya makaburu. Margaret Thatcher wa Uingereza alikubali hatua chache tu, tena za hiari. Mulroney, Kenneth Kaunda wa Zambia, Robert Mugabe wa Zimbabwe, Rajiv Gandhi wa India, Lynden Pindling wa Bahamas na Bob Hawke wa Australia walikubaliana kusonga mbele bila yeye. Mwaka 1961 Macmillan alikuwa angalau na Menzies wa Australia ubavuni. Safari hii hata Australia ilikuwa imehamia upande wa Kanada.