Mbunge akiuliza serikali juu ya mipaka, wakimbizi na wafanyakazi wa leta: nani anapashwa kujibu?

Mbunge wa Mashariki akisimama kule Kinshasa na kuuliza sababu gani wageni wanaingia bila kuandikwa, ama sababu gani mwalimu wa Fizi anafundisha miaka na miaka bila mushahara, redio zinatangaza na watu wanafurahi. Kisha wiki mbili, hakuna anayejua jibu lilienda wapi. Mara zingine ni serikali haikutaka kujibu. Lakini mara nyingi swali lilitumwa kwa waziri asiyehusika, ama lilichanganya mambo matatu mu sentensi moja.

Katiba ya 18 Februari 2006, mu kipengele cha 138, inawapa wabunge na maseneta njia za kuchunguza serikali, kampuni za leta na huduma zake. Kuko swali la kinywa ama la maandishi, kuko swali juu ya jambo la wakati huo (question d'actualité), kuko interpellation, tume ya uchunguzi, na kumuita mkubwa wa huduma ajieleze mbele ya komisyo. Swali la kinywa linaweza kuwa na mjadala ama bila mjadala, lakini haliishii kwa kura. Hapo njo watu wengi wanajidanganya: waziri akijibu ovyo, swali peke yake halimtoi kwenye kiti.

Kinachomtoa ni mosio. Kwa waziri mmoja, inaomba sahihi za sehemu moja ya kumi ya wabunge, ni kusema watu 50 kwa Bunge la viti 500. Kwa serikali nzima ni robo, ni kusema 125. Kura inapigwa kisha saa 48, na inapashwa kupata zaidi ya nusu ya wabunge wote, hapana ya wale tu waliofika siku ile. Si jambo la karatasi tu: tarehe 27 Januari 2021, wabunge 367 waliangusha serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba kwa njia hiyo. Seneti inaweza kuuliza maswali yote inayotaka, lakini kuangusha serikali ni kazi ya Bunge la Taifa peke yake.

Sasa, nani aulizwe? Mambo ya uhamiaji, viza, pasiporti na uraia, Katiba inayaweka mikononi mwa Kinshasa (kipengele cha 202). Gavana hawezi kufunga ama kufungua njia ya wageni kwa sheria yake mwenyewe, hata watu wa jimbo wakimpigia kelele namna gani. Huduma inayohusika ni DGM, iliyoundwa na dekre yenye nguvu ya sheria ya 11 Januari 2003, chini ya Waziri wa Mambo ya Ndani. Wakimbizi nao wana sheria yao, ile ya 16 Oktoba 2002, iliyounda CNR, komisyo ya taifa ya wakimbizi. Hiyo pia iko chini ya Mambo ya Ndani. Kwa hiyo swali juu ya wageni na swali juu ya wakimbizi yanafika mu ofisi moja, lakini hayana jibu moja.

Neno « wageni » limebeba watu wengi sana huku kwetu. Mrundi wa Lusenda ama Mulongwe, mu teritware ya Fizi, ni mkimbizi aliyeandikwa. Msudani Kusini aliyepokelewa Biringi, mu teritware ya Aru, vilevile. Kuko Wanyarwanda waliovuka tangu 1994. Kuko mama anayevuka mupaka asubuhi na kapu ya tomati na kurudi jioni: yeye si mhamiaji wala mkimbizi, ni mchuuzi. Kuko Mkongomani aliyekimbia kijiji chake na kulala mu kambi ndani ya inchi yake. Huyo hahusiki na sheria ya 2002 hata kidogo, sababu hakuvuka mupaka wowote. Na kuko Wakongomani walioko Nakivale kule Uganda ama Nyarugusu kule Tanzania, ambao siku moja watarudi, na wengine wao wataulizwa na majirani kama kweli ni watu wa hapa.

Hapo swali la mbunge linaweza kuponya ama kuwasha moto. Uraia unapangwa na kipengele cha 10 cha Katiba na sheria ya 12 Novemba 2004. Hakuna mahali sheria ile inasema utambue Mkongomani kwa pua yake ama kwa luga anayozungumza. Na mgeni aliyeingia kwa sheria, Katiba inamlinda yeye na mali yake (kipengele cha 32), kama vile inavyotambua haki ya kuomba kimbilio (kipengele cha 33). Mbunge anayeuliza « sababu gani wamejaa? » anamwachia waziri nafasi ya kujibu kwa hotuba. Mbunge anayeuliza « kuko wangapi walioandikwa Mahagi, na nani aliwaandika? » anamlazimisha kuleta daftari.

Kuna kitu kimoja ambacho maswali ya mu Bunge yanapitia kando mara nyingi. Swali la mupaka, ukilifuata mpaka mwisho, linageuka kuwa swali la wafanyakazi. Dekre ya 28 Marsi 2002 iliruhusu huduma ine tu kufanya kazi kwenye mipaka: duwane (leo DGDA), OCC, uhamiaji, na huduma ya usafi na afya, ile watu wanaita Hygiène. Ine, basi. Mchuuzi yeyote wa Kasindi ama Kavimvira anaweza kuhesabu kwa vidole na kuona kama hesabu inatoshana. Ajenti asiye na mushahara hawezi kukaa mwezi mzima kwenye kizuizi akila upepo. Atakula kwa msafiri. Na mtu anayekula kwa msafiri hana haraka ya kuuliza karatasi, sababu karatasi nzuri hailipi. Kwa hiyo mbunge anayelia juu ya mipaka isiyochungwa angeanza kwa kuuliza: posti hii ina maajenti wangapi, wangapi wana matrikile, na wangapi wanalipwa?

Kwa wafanyakazi wa leta kwa jumla, mambo yanapangwa na sheria namba 16/013 ya 15 Julai 2016. Shida ni kwamba njia ya mtu kutoka kuandikishwa mpaka kulipwa inapita kwa milango mingi. Fonction publique inatoa matrikile. Bajeti inaweka jina kwenye liste ya mishahara. Fedha inatoa makuta. Kwa walimu, kuko tena Wizara ya Elimu na huduma yake ya DINACOPE, iliyochukua nafasi ya SECOPE. Ile njo sababu mwalimu wa « nouvelle unité » anasukumwa mlango kwa mlango, na mbunge akimuuliza waziri mmoja tu, waziri anaonyesha mlango wa jirani. Swali lenye akili linatumwa kwa wote wanaohusika siku moja, wasikilizane wakijibu.

Na wasikubali jibu la « makuta hakuna » mbio mbio. Mwanzoni mwa 2023, IGF, huduma ya ukaguzi wa fedha, ilitangaza kwamba mu liste ya mishahara ilikuta watu 145 604 wenye namba za matrikile za uongo ama zisizo sawa. Mu inchi ile ile, manesi na walimu wa kweli wanangoja namba.

Kwa wakaaji wa Ituri na Kivu ya Kaskazini, mambo ni mazito zaidi. Tangu 6 Mei 2021 majimbo haya mawili yako chini ya état de siège, magavana ni wanajeshi, na mabunge ya jimbo yalisimamishwa. Mu Maniema ama Tanganyika, mbunge wa jimbo anaweza bado kumuita waziri wa jimbo aeleze. Mu Bunia na Beni, mlango ule umefungwa. Unabaki ule wa Kinshasa. Masisi na Rutshuru wamepungukiwa zaidi: uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika kule sababu ya vita. Bunagana ilianguka mikononi mwa M23 mu Juni 2022, Goma mu Januari 2025, Bukavu mu Februari. Waziri hawezi kutoa hesabu ya kweli ya mupaka ambao serikali yake haiushiki, na ingekuwa vizuri aulizwe aseme hivyo wazi.

Lakini kukosa mbunge wa teritware si kukosa mbunge. Kipengele cha 101 kinasema mbunge wa taifa anawakilisha taifa, hapana kijiji chake tu. Mtu wa Kitshanga anaweza kumwandikia mbunge wa Uvira ama wa Kisangani. Kuko pia kipengele cha 27: Mkongomani yeyote, peke yake ama pamoja na wengine, anaweza kupeleka ombi la maandishi kwa wakubwa wa serikali, nao wanapashwa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna mwenye haki ya kumfuata mtu sababu aliandika. Barua inayosaidia ni ile yenye tarehe, jina la posti ama la masomo, na liste ya wanaohusika. Kopi moja ibaki na alama ya kupokelewa.

Wakati nao una maana. Bunge linakaa mara mbili kwa mwaka: 15 Marsi mpaka 15 Juni, na 15 Septemba mpaka 15 Desemba. Mradi wa bajeti unapashwa kufika Bungeni tarehe 15 Septemba hivi, si kisha. Swali juu ya manesi wasiolipwa likiulizwa mu Aprili, waziri atajibu kwamba bajeti ya mwaka ilishapita. Likiulizwa mu Oktoba, mbunge anaweza kufungua mradi wa bajeti mbele yake na kuomba aonyeshwe mstari wenyewe.