Megadeth: kusafisha zamani

Wadau, wiki hii nimerudia Back to the Start, mkusanyiko wa Megadeth wa 2005. Wazee wa thrash metal mnaujua. Dave Mustaine alifukuzwa Metallica 1983. 1985 akatoa Mechanix, wimbo uleule ambao wenzake walishautoa kwa jina la The Four Horsemen. Hasira yake bado inawaka!

Ila nyimbo nyingi humo ni zile ambazo Mustaine alichanganya sauti zake upya 2004. Kwenye Holy Wars ya 1990, ngoma za Nick Menza zinasikika kila pigo, safi. Safi mno, jamani. Menza alianguka jukwaani 2016 akafariki. Mimi nataka kumsikia alivyosikika 1990. Nimeirudia kaseti ya kaka, inakwaruza hivyohivyo.