Mashavu Yaliyotoboa Siri: Historia Fupi ya Dawa za ARV

Wasee, kuna kitu huwa nasikia sana mtaani: "Hizo ARV humaliza watu kuliko ugonjwa wenyewe." Mtu akisema hivyo tunamcheka. Mimi naona tusimcheke. Hiyo hofu iko na historia, na usipoijua huwezi kuijibu.

Turudi 1987. Marekani iliidhinisha AZT, dawa ya kwanza ya HIV. Wagonjwa wa mwanzo walimeza dozi kubwa kila baada ya saa nne, hata usiku wa manane. Wengi walipungukiwa na damu, wengine mpaka wakaongezewa. Baadaye dozi ikapunguzwa, na mambo yakawa afadhali.

Huku kwetu, Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999. Shida ilikuwa doh. Dawa tatu za pamoja zilikuwa zimeshaanza kuokoa watu Ulaya na Marekani, lakini matibabu ya mwaka mmoja yaligharimu zaidi ya dola 10,000. Nani hapa angetoa hizo?

Februari 2001, Cipla, kampuni ya India, ikasema itaziuza kwa shirika la Médecins Sans Frontières kwa dola 350 kwa mwaka. Hiyo ni chini ya dola moja kwa siku! Mwaka huo huo Bunge letu likapitisha sheria iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu. Watu waliokuwa wamelala kitandani wakingoja kufa waliinuka, wakarudi shambani na kazini.

Lakini ndani ya ule mchanganyiko kulikuwa na stavudini. Ilikuwa rahisi kununua, na iliharibu mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu. Miguu ilichoma na kufa ganzi. Mafuta yaliisha usoni, mikononi na matakoni. Mashavu yalibonyea. Sasa fikiria: umeficha hali yako miaka yote, halafu uso wako unaitangaza sokoni kabla hujafungua mdomo. Majirani waliona huo uso, na hapo ndipo ile hofu ya mtaani ilipata nguvu.

Kinachoniuma ni hiki: nchi tajiri zilianza kuiacha stavudini mapema, huku Afrika ikiendelea kuimeza kwa sababu ya bei. Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiondoe hatua kwa hatua Novemba 2009. Siwezi kusema ingekuwa heri isingekuja, maana iliokoa maisha ya wengi. Lakini kuokolewa hakumnyimi mtu haki ya kulalamika.

Na kulalamika kumesaidia, si mchezo. Mwaka wa 2017 Kenya ilianza kutumia dolutegraviri, ile wengi wanaiita DTG. Mwaka uliofuata, utafiti Botswana ukaonyesha watoto 4 kati ya 426 waliozaliwa na mama waliotumia DTG tangu kabla ya mimba walikuwa na kasoro za uti wa mgongo ama ubongo. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, zikawazuilia dawa hiyo wanawake wenye umri wa kuzaa. Julai 2018, wanawake wa Afrika wanaoishi na HIV walikutana Kigali wakasema: tupeni habari zote, tutaamua wenyewe. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote, na takwimu zilizofuata zikaonyesha ile tofauti imeyeyuka.

DTG nayo haikosi yake. Kuna wanaokosa usingizi, kuna wanaoongeza uzito. Ila hii si stavudini. Anayekutisha leo na mashavu ya 2005 anakusimulia dawa ambayo haiko tena kwenye mkebe wako.

Kwa hivyo kama unameza na kuna kitu unahisi, usiache dawa kimya kimya. Ukiacha, virusi vinarudi, na vinaweza kuwa sugu. Nenda kliniki useme: "Daktari, tangu nianze hii dawa silali." Sema tena kama hakusikia mara ya kwanza. Dawa unayomeza leo ni bora kwa sababu kuna watu kabla yako waliokataa kunyamaza.